Umepimia wapi? Maongezi kuhusu dunia na yale tunayoyajua vibaya

Haya ni maongezi niliyotoa kwenye mkutano wetu, nayaweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hamkuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha, maneno ni yaleyale kama yalivyotoka.

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni sana kwa kuja. Naomba tuanze na swali moja jepesi kabisa, jibuni kwa sauti tu. Mlima gani ndo mrefu kuliko yote duniani?

Naam, Everest, nimesikia ukumbi mzima. Haya, swali la pili, na hili ndo litatuweka hapa jioni nzima: umepimia wapi?

Mbona kimya? Umepimia wapi? Maana ukianzia kwenye usawa wa bahari upo sahihi kabisa, Everest ina mita 8,848 na sentimita 86, China na Nepal walikitangaza kipimo hicho kwa pamoja mwaka 2020. Lakini ukiamua kuupima mlima kuanzia kitako chake mpaka kileleni, basi kuna Mauna Kea kule Hawaii, huo juu ya maji una mita 4,207 tu, hata nusu ya Everest haufiki, ila kitako chake kiko chini kabisa kwenye sakafu ya bahari na ukijumlisha yote unapata zaidi ya mita 10,000. Alafu ukisema hapana, mimi napima kutoka katikati kabisa ya dunia kuja nje, hapo Everest na Mauna Kea yote inapitwa na Chimborazo wa Ecuador, mlima wa mita 6,263 ambao wengi humu ndani labda ndo mnausikia leo.

Milima mitatu, vipimo vitatu, na yote mitatu ni kweli. Jambo langu la leo ni hilo tu wenzangu. Mengi tunayoyajua vibaya kuhusu dunia hakuna mtu alikaa akatudanganya, tulipewa jibu tukanyimwa kipimo chake, na jibu lisilo na kipimo ukilibeba miaka mingi linaharibika.

Tuanze na umbo la dunia lenyewe. Kuna hadithi imeenea sana kwamba watu wa zamani wote walidhani dunia ni bapa mpaka Columbus alipokuja kuwaonesha. Siyo kweli, siyo kweli hata kidogo. Zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, Eratosthenes wa Alexandria alishapima mzunguko wa dunia kwa kivuli tu. Alijua kwamba kule Syene, ndo Aswan ya leo, kuna siku moja kwa mwaka jua la adhuhuri linamulika mpaka chini ya kisima, yaani liko utosini hasa, na siku hiyohiyo saa hiyohiyo pale Alexandria linaacha kivuli cha nyuzi kama 7.2, ambazo ni sehemu moja ya 50 ya duara, basi akachukua umbali wa kati ya miji hiyo miwili akazidisha mara 50. Wasomi waliobishana na Columbus hawakubishana naye kuhusu uduara bwana, walibishana kuhusu ukubwa, wao walisema dunia ni kubwa kuliko hesabu zake na wao ndo walikuwa sahihi, bila bara la Amerika kuwepo njiani chakula kingemwishia baharini.

Ugomvi wa kweli ulikuja baadaye sana, miaka ya 1730, na ulikuwa ugomvi hasa. Newton alikuwa ameshasema kwamba dunia kwa kuwa inazunguka lazima itatune katikati na ibonyee kwenye ncha. Kina Jacques Cassini kule Ufaransa, watu ambao familia yao ilikuwa imepima ardhi ya nchi hiyo kwa miaka na miaka, wakasema hapana, sisi tumepima kwa vyombo, dunia imerefuka kwenye ncha. Sasa nani ana haki, mwenye hesabu au mwenye vyombo? Mnaliona tatizo? Walipimia Ufaransa tu! Eneo dogo vile, tofauti waliyokuwa wanaitafuta ilikuwa ndogo kuliko makosa ya vyombo vyenyewe.

Basi Akademia ya Sayansi ya Paris ikaamua kutuma watu pande mbili, kundi moja Lapland karibu na ncha ya kaskazini chini ya Maupertuis, na kundi lingine ikweta, kwenye milima ya Andes, sehemu ambayo leo ni Ecuador, wakiwemo Godin, Bouguer na La Condamine, hao waliondoka mwaka 1735. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: kama dunia imebonyea kwenye ncha basi kule mkunjo wake ni mpole, kwa hiyo ili ubadilishe digrii moja ya latitudo itabidi utembee mbali kidogo kuliko ungetembea ikweta. Kidogo kiasi gani? Leo tunajua digrii moja karibu na ncha ni kama kilomita 111.7 na ikweta ni kama 110.6. Hiyo kilomita moja na ushei ndo watu walivuka bahari kuifuata.

Wa Lapland walimaliza upesi, mwaka 1737 wamesharudi na jibu lao. Wa Andes jamani, hao waliteseka. Pembetatu baada ya pembetatu, yaani wanapima pembe kutoka kilele kimoja kwenda kingine ndo wakokotoe umbali, kutoka Quito kushuka mpaka upande wa Cuenca, wanakaa vileleni kwenye baridi na ukungu wanasubiri mawingu yafunguke hata dakika chache tu waione alama iliyowekwa kwenye mlima wa pili, pesa zikaisha, viongozi wakagombana, daktari wao wa upasuaji akauawa Cuenca mwaka 1739. Na wakiwa bado hukohuko milimani ikawafikia habari kwamba wenzao wa Lapland wameshatoa jibu na dunia nzima ya wasomi imeshasikia. Wangeweza kufunga mizigo. Hawakufunga, wakaendelea kupima, kwa sababu kipimo cha kaskazini kinahitaji mwenzake wa ikweta ndo ujue imebonyea kwa kiasi gani. Mimi hao watu nawaheshimu mno. La Condamine alifika tena Paris mwaka 1745, miaka 10 baada ya kuondoka, na jibu likawa ni la Newton: kutoka katikati ya dunia mpaka ikweta ni kilomita 6,378, kutoka katikati mpaka kwenye ncha ni 6,357. Tofauti kilomita 21.

Na hapo ndo Chimborazo unapoingia. Bouguer na La Condamine waliupanda kiasi katika kazi zao, baadaye mwaka 1802 Humboldt, mwanasayansi msafiri wa Ujerumani, naye akaupanda akiamini ndo mlima mrefu kuliko yote duniani, maana Himalaya ilikuwa bado haijapimwa vizuri. Uko kusini ya ikweta kwa zaidi kidogo ya digrii 1 tu, kwa hiyo umekaa juu ya ule mtutumko wenyewe, wakati Everest iko digrii 28 huko kaskazini ambako dunia imeshaanza kupungua unene. Ndo maana kilele cha Chimborazo kiko mbali na kiini cha dunia kuliko cha Everest kwa kilomita 2 hivi. Hata huo usawa wa bahari tunaoutaja kila siku siyo tambarare kama tunavyofikiri, mvutano wa dunia hauko sawa kila mahali na maji yanaufuata, kusini mwa India kuna sehemu bahari imezama kama mita 100 chini ya umbo ambalo hesabu zingetegemea. Mita 100! Meli inapita juu yake na nahodha hahisi chochote.

Haya, la pili, ramani. Hapa sitakaa sana lakini lazima niseme. Hebu fumba macho uikumbuke ramani ya ukutani. Greenland ni kubwa kiasi gani? Kwenye ramani hiyo inakaribia kulingana na Afrika, si ndio? Sasa chukua vipimo. Greenland ni kilomita za mraba kama milioni 2.2, Afrika ni zaidi ya milioni 30. Mara 14. Greenland 14 zinaingia ndani ya Afrika! Alaska inaonekana inatoshana na Brazil, kumbe Brazil ni karibu mara 5 yake.

Nani kafanya hivyo, na kwa nini? Ramani hiyo ni ya Gerardus Mercator, mwaka 1569, na mimi sikubaliani na wanaomlaumu moja kwa moja. Mercator alikuwa anamtengenezea ramani baharia. Baharia anataka jambo moja, achore mstari ulionyooka kwenye karatasi, asome pembe yake, aishike pembe hiyo kwenye dira mpaka afike. Ili jambo hilo liwezekane ilibidi ramani ivutwe, na ivutwe zaidi kadri unavyokaribia ncha, mpaka ncha zenyewe haziwezi kuchorwa kabisa. Hakuna namna ya kukwepa, ukimenya chungwa maganda hayalali mezani bila kuchanika, na Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, alithibitisha kwa hesabu mwaka 1827 kwamba sehemu ya tufe haiwezi kulazwa bapa bila kuharibu kitu, iwe ni umbali, iwe ni ukubwa, iwe ni umbo. Kosa siyo la Mercator, kosa ni la waliomchukua baharini wakamtundika darasani, wakaacha vizazi na vizazi vya watoto wakikua na picha ya dunia ambayo nchi za kaskazini zimevimba na za ikweta zimesinyaa. Hilo linaniuma na sioni sababu ya kulificha. Ramani zinazolinda ukubwa zipo na zipo nyingi, mojawapo ni Equal Earth ya mwaka 2018, wekeni hizo madarasani.

Na ramani hiyohiyo ndo inafanya watu washangae kwa nini ndege ya kutoka New York kwenda Tokyo inapanda kaskazini mpaka maeneo ya Alaska, wanadhani rubani anazunguka, kumbe yeye ndo kapita njia fupi, chukua uzi uvute kwenye tufe utaona mwenyewe.

Tuje kwenye joto. Kwa nini kuna majira ya joto na majira ya baridi? Naomba mtu ajibu. Eeh, nimesikia, eti dunia ikisogea karibu na jua kunakuwa na joto. Jibu hilo nimelisikia kwa watu wenye digrii zao. Sasa tulipime. Dunia inakuwa karibu kabisa na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita kama milioni 147. Inakuwa mbali kabisa mwanzoni mwa Julai, kilomita kama milioni 152. Januari! Mwezi ambao Ulaya, Kanada na Siberia wanaganda. Kama ukaribu ndo ungekuwa sababu, dunia nzima ingekuwa na joto mwezi mmoja na baridi mwezi mmoja, kaskazini na kusini pamoja. Sababu ni mwinamo, mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, basi nusu moja ikiinamia jua inapata miale ya kusimama na mchana mrefu, nusu nyingine inapata miale ya kulala na mchana mfupi, baada ya miezi sita wanabadilishana. Umbali unachangia kidogo, ila ni mwinamo unaotawala.

Kosa hilohilo lina ndugu yake: kwamba ukipanda juu unakaribia jua kwa hiyo utapata joto, na kwamba ikweta haiwezi kuwa na theluji. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameuona mlima Kilimanjaro, digrii 3 tu kusini ya ikweta, na kileleni kuna theluji. Watu waliokuwa wanaishi chini ya mlima walijua kitambo kwamba kule juu kuna baridi kali. Lakini London alikuwepo bwana mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye Afrika Mashariki yenyewe hajawahi kuikanyaga, akaikataa habari hiyo kwa maandishi na akashikilia msimamo wake miaka mingi. Theluji ikweta? Haiwezekani. Swali langu kwa marehemu Cooley ni lilelile, umepimia wapi? Mwaka 1862 von der Decken na Kersten wakapanda mpaka juu ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia, mwaka 1889 Hans Meyer na Purtscheller wakafika kileleni mita 5,895 wakatembea juu ya barafu.

Kwa nini kule juu kuna baridi? Kwa sababu jua halipashi hewa kwa kiasi kikubwa, linapasha ardhi na bahari, alafu hivyo ndo vinapasha hewa kutoka chini. Hewa ikipanda inakuta mgandamizo umepungua, inatanuka, na ikitanuka inapoa. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi kama 6.5 za joto. Hizo kilomita 6 ulizolisogelea jua, kati ya milioni 150, hazihesabiki.

Na jangwa, kwa kuwa tuko kwenye joto. Jangwa kubwa kuliko yote duniani ni lipi? Sahara? Sahara ni kilomita za mraba milioni 9 hivi. Antaktika ni milioni 14, na ni jangwa, kwa sababu jangwa linapimwa kwa mvua na theluji inayoanguka, siyo kwa joto wala mchanga. Chini ya milimita 250 kwa mwaka hivi, hilo ni jangwa, na sehemu kubwa ya ndani ya Antaktika haipati hata hizo. Hata Sahara yenyewe mchanga ni kama robo tu, kwingine kote ni mawe, changarawe na milima.

La sinki nitalipitia haraka, ile habari kwamba maji yakitoka kwenye sinki yanazunguka upande mmoja kaskazini mwa ikweta na upande mwingine kusini. Mmeshaona zile video, mtu yuko kwenye mstari wa ikweta na beseni, anasogea hatua chache kaskazini maji yanazunguka huku, anasogea kusini yanazunguka kule, watalii wanapiga makofi. Ndugu zangu, pale mtu anazungusha maji kwa namna anavyoyamimina au anavyogeuka na beseni lake. Nguvu ya Coriolis, yaani ule mpindo wa mwendo unaotokana na dunia kuzunguka, ipo, ndo inayozungusha vimbunga vikubwa, lakini pale ikweta haipo kabisa, na hatua chache pembeni haitofautiki na sifuri, hata vimbunga vyenyewe kwa kawaida haviumbiki ndani ya digrii 5 za ikweta. Kwenye beseni inazidiwa na kila kitu. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT kule Marekani alitengeneza tangi la upana wa mita 1.8 lenye tundu dogo katikati, akalijaza, akaliacha maji yatulie kama saa 24 nzima ili mzunguko wowote wa kumimina uishe, ndo akafungua taratibu. Baada ya dakika nyingi maji yakaanza kuzunguka kinyume na saa. Mwaka 1965 wengine wakarudia Sydney, kule yakazunguka kwa mwelekeo wa saa. Kwa hiyo jambo lenyewe ni kweli, ila ukitaka kuliona ungoje saa 24.

La mwisho, na hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndo nalipenda kuliko yote. Ndani ya dunia kuna nini?

Kwenye vitabu tumeonyeshwa ganda jembamba, chini yake koti lililopakwa rangi nyekundu na chungwa, na tukaelewa kwamba tunaelea juu ya bahari ya lava. Sivyo! Koti la dunia ni mwamba mgumu, kilomita 2,890 kwenda chini na karibu lote ni mwamba mgumu. Ni wa moto sana, na kwa sababu ya moto huo unasogea kwa sentimita chache kwa mwaka, lakini ni mgumu. Uji wa volkano unatokea sehemu maalumu tu, pale mwamba unapopanda na kupunguziwa mgandamizo ukayeyuka, au pale bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho chini ya bahari, linapozama na maji yake yakaushusha ule moto unaohitajika kuyeyusha.

Umepimia wapi? Hapo ndo mnatakiwa mniulize mimi sasa, maana hakuna aliyekwenda huko. Jibu ni matetemeko. Tetemeko kubwa linatoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya dunia, moja linasukuma mbele na nyuma na hilo linapita kila kitu, lingine linatikisa kwa ubavu na hilo haliwezi kupita kwenye kimiminika. Koti linapitisha yote mawili, kwa hiyo ni gumu. Yakifika kilomita 2,890 la ubavuni linakomea hapo. Kwa hiyo hapo chini kuna kimiminika, kiini cha chuma kilichoyeyuka, na kwa muda watu wakaamini hivyo ndivyo mpaka katikati.

Mpaka akatokea mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann. Mwaka 1929 kulikuwa na tetemeko kubwa New Zealand, na vituo vya upande wa pili wa dunia vikarekodi mawimbi madogo ambayo kwa nadharia ya wakati ule hayakutakiwa kufika pale. Wengine waliyaona wakayapita. Yeye akakaa na karatasi zile, bila kompyuta, anaandika muda wa kufika kwa kila wimbi kwenye kadi, anapanga, anahesabu, na mwaka 1936 akaandika kwamba ndani ya kile kiini cha kimiminika kuna kiini kingine na mawimbi yanadunda juu yake. Baadaye wenzake wakathibitisha kwamba hicho cha ndani ni kigumu. Kinaanzia kilomita 5,150 chini yetu, kina joto linalokaribia uso wa jua lakini mgandamizo wa dunia nzima umekikamata hakiyeyuki. Mama huyu aliishi miaka 104, alifariki 1993.

Na kuchimba je? Wasovieti walijaribu, rasi ya Kola kule kaskazini-magharibi mwa Urusi, walianza mwaka 1970 na mwaka 1989 wakafika mita 12,262. Walitegemea joto la nyuzi kama 100 wakakuta 180, na ikawa hakuna kuendelea. Hawakufika hata nusu ya ganda la sehemu ile. Kilomita 12 na kidogo, kati ya 6,371 ambazo kwa wastani ndo umbali wa kufika katikati ya dunia.

Haya, upande wangu nimemaliza, na mikono naiona mingi. Tuanze na dada pale mstari wa mbele, alafu mzee wangu kule nyuma ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu niliposema koti la dunia ni gumu, shikamoo mzee, naomba apewe maikrofoni wa pili, hoja yake nataka kuisikia.